Sura ya Vitone

Mimi ni mwepesi wa hasira, sikatai, lakini siku ile bibi yule alinitafuta.

Miaka ya sabini nilifundisha kisomo cha watu wazima huko Idodi. Mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote alikuwa bibi mmoja wa Kihehe, meno machache, maneno mengi. Alikuwa ameapa: sura yake isipotoka kwenye gazeti letu la darasa, haji tena. Na akiondoka yeye, wanawake wote wanamfuata, nami nabaki na ubao.

Gazeti lenyewe lilikuwa karatasi mbili, tulizitoa kwa mashine ya kurudufu ya mkono. Mashine ile inajua herufi tu, picha haiwezi. Basi nikachukua picha aliyopigwa studio mjini Iringa, nikaiweka dirishani chini ya stensili, ile karatasi ya nta ya mashine, nikafuatisha mistari ya uso. Kisha nikailaza stensili juu ya kanga iliyokunjwa, nikaanza kutoboa kwa sindano. Penye giza, matundu yamebanana. Penye mwanga, moja hapa, jingine kule. Siku tatu! Vidole vilikufa ganzi.

Karatasi ilipotoka, bibi akafanya kama nilivyomfundisha mwenyewe: pua karibu na karatasi, kidole chini ya kila alama.

"Tone," akasoma. "Tone. Tone. Tone." Akainua uso. "Mwalimu, umenitia ndui!"

Darasa zima likaangua kicheko.

"Bibi, picha haisomwi kwa kidole!" nikafoka.

"Si wewe uliyesema kidole kisiruke kitu?"

Nikaibandika karatasi ubaoni kwa hasira, nikasema asiyetaka, mlango uko wazi. Ama kweli ulimi hauna mfupa. Bibi akajifunga kanga, akaondoka, na wenzake wakaanza kukusanya madaftari.

Mlangoni akageuka, nikadhani atanitupia tusi la mwisho. Akaitazama karatasi ubaoni. Kutoka pale vitone vilikuwa vimeshikana, vimekuwa shavu, jicho, mdomo. Akapiga magoti taratibu.

"Kamwene, mama," akaisalimu karatasi.

Mama yake alifariki bila kupigwa picha hata moja, na bibi sasa alikuwa amefikia umri wa mama huyo. Nililia mbele ya wanafunzi wangu, wala sikuona haya.

Tangu siku hiyo karatasi ilibaki ubaoni, na bibi alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Herufi za ubaoni hakuziona vizuri kutoka kule, nami sikumhamisha.