Albamu ya mzee aliyekuwa akiwatilia watu sumu kwenye TV

Wakuu, za kutwa. Haya niliyaona kwa macho yangu mawili. Nikitia chumvi mtaionja wenyewe, lakini kitoweo ni cha kweli.

Mimi ni kinyozi hapa Vitengeni, mhitimu wa masomo ya jioni. Nilikaa dawati moja na bibi aliyenizidi miaka arobaini, akanishinda hesabu. Hilo tuliache.

Jirani yangu ni Mzee Ngowa. Sura yake mnaijua: ndiye mwigizaji aliyekuwa akiwatilia ndugu zake sumu kwenye chai. Kwa hesabu yangu aliua kama mia tisa hivi.

Shida ni kwamba hapa kijijini sumu haikuisha TV ilipozimwa. Shikamoo anapewa, tena nyingi. Kula nyumbani kwake, hakuna.

Juzi akaja na flashi. "Nimetoa albamu. Niwekee, wateja wasikie."

Nikajua ni vichekesho. Nikafungulia spika yangu, ile inayosikika hadi kijiji cha mbali cha Adu.

Hakuna kuimba, wakuu. Hakuna ngoma. Ni yeye tu anaongea, sauti imekwaruza kwa uzee. Mwenyewe alishaondoka, nadhani kwa kuona haya.

Kipande cha tatu anamzungumzia marehemu mkewe.

"Mgeni akija, Kadzo alionja chakula kwanza, mgeni akimtazama. Hakunilalamikia hata siku moja. Alipofariki nilipikia watu wali wa matanga. Masufuria yakarudi jikoni yamejaa. Hakuwepo wa kuonja."

Mashine ya kunyolea ikanifia mkononi. Matanga yale nilikuwepo. Nilisema nimeshiba, na tumbo linanguruma kama trekta.

Kitini alikuwa Baya, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Mimi nilisema nimefunga," akasema polepole.

Mama Dama, muuza mahamri wa mlango wa pili, akadakia: "Saumu gani hiyo Baya, na kanisani ndiwe mpiga ngoma?"

"Ndivyo nilivyosema, mama. Na wewe?"

Mama Dama akajifuta macho kwa leso. "Nilisema jino. Haya, twendeni."

Tukaenda watatu, Baya na nusu kichwa chake.

"Mzee, shikamoo. Tumekuja kula," Mama Dama akasema.

Mzee akaingia jikoni. Akainjika maji, akasonga sima, akachemsha mboga chungu ya mchunga. Tulipokaa, akamega tonge na kulipeleka mdomoni kwanza, sisi tukimtazama.

Mama Dama akamshika mkono. "Acha, mzee. Leo naanza mimi."

Akamega. Akatafuna muda mrefu, nadhani mwaka mzima.

"Chumvi haitoshi," akasema.

Mzee Ngowa akacheka mpaka akashika ukuta. Tukala, tukakwangua na ukoko.

Nilichojifunza: niliogopa mtu kwa kazi aliyoifanya vizuri, nikamwacha na sufuria la wali siku aliyotuhitaji. Shikamoo zangu zote hazikufidia tonge moja.

Sasa nyinyi, wakuu, ni nani mnamsalimia vizuri ila hamjawahi kula kwake? Andikeni hapa chini, hakuna atakayewacheka. Labda Baya, na yeye bado ana nusu kichwa.