Lugha ya Mama Midomo yafungwa kinywa

Saa moja asubuhi. Kengele ya zamu imeshalia, na misumeno ya kiwanda hiki cha mbao inaanza kunguruma mmoja baada ya mwingine mpaka sakafu inatetemeka. Msumeno wa mwisho, ulio karibu na mlango wa kupakia, uko kimya. Mwanamke anayeuendesha amesimama mbele yake, mikono kifuani, barakoa imempanda mpaka chini ya macho.

Wenzake humwita Mama Midomo. Si kwamba ni mbea, ingawa mwenyewe anakiri kuwa neno halilali kinywani mwake. Jina hilo alilipata kwa sababu alitunga lugha, na lugha yenyewe haihitaji sauti.

"Humo ndani hata ukipiga yowe la msiba hakuna atakayegeuka," alisema kabla ya zamu, akiwa ameketi nje juu ya rundo la mabanzi. "Nikajiuliza, kama masikio yameshindwa kazi, haya macho tumepewa ya nini?"

Kila msumeno una watu wawili. Mmoja anasukuma gogo, mwingine anapokea mbao upande wa pili. Swichi ya kuzimia iko kwa anayesukuma peke yake. Anayepokea, ambaye vidole vyake ndivyo vinavyocheza karibu na meno ya chuma, hana kitu ila mdomo wake.

Mama Midomo alianza kwa kufukuza sauti. K, g na h ziliondoka siku ya kwanza. "Hizo zinakaa kooni. Nani atazichungulia, daktari wa meno?" Akabakiza nne zinazoonekana: p, midomo ikibanwa, f, meno yakigusa mdomo wa chini, w, midomo ikichongoka, na l, ncha ya ulimi ikitokeza. Vokali akachukua tatu, a, i na u.

Konsonanti mbili hazikutani, na kila moja lazima ifuatwe na vokali, kwa kuwa jicho linataka kuuona mdomo ukifunguka ndipo lijue pa kushika. W haikai na u, maana zote mbili huchongoa midomo. Zikabaki silabi kumi na moja, nazo zilitosha kuendesha ukumbi mzima.

Mwanzoni m nayo ilikuwamo. Kumbe kwa macho "ma" na "pa" ni mapacha. Mwenzake mmoja aliambiwa apunguze upana wa mbao, akaongeza, na gogo zuri likaishia kuwa kuni. "Nilinuniwa wiki nzima," anasema huku akicheka. M ikaonyeshwa mlango.

Neno la kusimamisha msumeno ni "papa". Midomo hufungwa na kuachama mara mbili, na mtu huliona kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa miaka sita halikumwangusha mtu.

Kicheko chake kinaishia hapo. Mwaka huu zikaja barakoa.

"Nilizililia mimi mwenyewe," anasema, na sauti inapanda. "Tunakohoa vumbi la mbao mpaka watoto nyumbani wanatuogopa. Nilitaka barakoa. Lakini unamfunga mtu mdomo bila kumuuliza alikuwa anautumia kwa kazi gani?"

Siku ileile ya kwanza ya barakoa, gogo lilijipinda na kubana mkono wa nguo wa anayepokea. Anayepokea ni mdogo wake, wa tumbo moja. Anayesukuma alikuwa Mama Midomo mwenyewe.

"Nilisema papa, dada," mdogo wake anamwambia, kama ambavyo amemwambia mara nyingi. "Nilisema mpaka taya likauma."

"Niliona macho yamekutoka, mdogo wangu. Nikadhani ni vumbi." Dada mtu anatazama pembeni. "Nikasukuma."

Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikwenda na unga wa mbao.

Msimamizi aliwakusanya wafanyakazi kesho yake. Aliwaambia ajali haina kinga, kisha akapiga marufuku lugha hiyo, akisema maongezi yasiyo rasmi ndiyo yaliyoleta balaa. Basi mdomo uliofungwa ndio ukalaumiwa kwa kusema.

"Ajali haina kinga?" Mama Midomo anauliza, mshipa wa shingo umesimama. "Hii inayo. Inaitwa swichi. Waiweke na upande wa pili, basi. Nimechoka kuambiwa Mungu amependa, wakati ni mtu hakutaka kuvuta waya."

Fundi umeme wa kiwanda hana hadithi ndefu. "Ni kazi ya asubuhi moja," anasema. "Nimeshawaambia. Naambiwa nisubiri."

Leo mdogo wake amerudishwa palepale, vidole vitatu kwenye mkono mmoja, swichi ileile moja. Ndiyo maana msumeno wa mwisho haujawashwa.

Msimamizi anakuja, ananyoosha kidole kwenye saa ya ukutani. Mama Midomo anampa mgongo. Anageukia ukumbi, anainamisha kichwa, anapandisha mabega. Anainamisha tena, anapandisha tena.

Ni "papa", isiyohitaji midomo. Kichwa kimekuwa konsonanti, bega limekuwa vokali, na kanuni ni ileile: moja haiendi bila nyingine. Wamekuwa wakijifunza nje, wakati wa chakula.

Msumeno wa jirani unazimwa. Kisha unaofuata. Kishindo kinapungua mpaka mwisho wa ukumbi, na kwa mara ya kwanza leo mtu anasikika akikohoa.

Mama Midomo anashusha barakoa ili msimamizi amsikie vizuri, kwa Kiswahili cha kila mtu.

"Silabi nyingine nitazitunga taratibu, mkubwa," anasema. "Nataka wote humu wazijue. Lakini kwanza mwite fundi. Sisi tupo, tunasubiri."