Jani la Isale Alilopokea Kapteni

Asubuhi ya mwisho kabla ya vita tulikuwa tukichuma kahawa shambani kwetu Nkoaranga. Mama alikwisha kuinjika loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa, na kaka yangu Anaeli alinichokoza kwa kuwa nilisimama kati ya mibuni na kitabu mkononi. "Mwalimu," aliniambia, "kahawa haichumwi kwa macho." Mama alicheka. Ni kicheko chake cha mwisho ninachokikumbuka.

Vijana waliokulia mjini, upande wa Jamhuri ya Tanganyika, hudhani mlima wetu ulikuwa mali ya Utemi tangu Mungu alipouumba. Utemi ulizaliwa mbali, kwenye pwani ya Bahari ya Baltiki, mikononi mwa udugu wa watawa wenye silaha walioapa kuishi bila mke na bila mali. Karne tano zilizopita mkuu wao alivua joho jeupe, akaoa, akaitangaza ardhi ya Mungu kuwa ya nyumba yake, akajiita Mtemi. Majirani wenye nguvu walijaribu kuumeza utemi huo, wakashindwa. Baadaye merikebu zake zilifika kwetu, na Tanganyika ilipopata uhuru, Meru ilibaki chini yake. Nalieleza hili kwa makusudi. Dola iliyoanza kwa kuvunja kiapo huwafundisha watumishi wake kwamba kiapo ni vazi.

Vita vilianza Mtemi wa siku zetu alipotangaza kuwa mashamba tuliyorithi chini ya ulinzi wa Kanisa sasa ni yake. Vijana walikataa, wakapanda msituni, na Anaeli alikwenda nao. Jeshi lililotumwa kuwasaka liliongozwa na Kapteni Elisante, mzaliwa wa kijiji chetu, aliyepata kipaimara siku moja na kaka yangu na kula sikukuu ile nyumbani kwetu. Alizijua njia zote za miguu, kwa hiyo hapakuwa na njia salama. Aliamuru migomba ikatwe na mfereji uzibwe, kisha akawaketisha wazee watazame ng'ombe wao wakifa kwa kiu. Kila aliyekamatwa msituni aliuawa.

Mama aliamua kupeleka isale. Ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Anayeomba radhi hulipeleka jani lake kwa aliyemkosea, naye halikatai. Akishalipokea, ugomvi umekwisha, hata kama damu ilimwagika. Sikuwa nimepata kuona likikataliwa. Kwamba linaweza kupokelewa kwa uongo, hakuna aliyewahi kuwazia hilo.

Nilimfuata Mama hadi kambini. Elisante alitoka hemani, akavua kofia.

"Shikamoo, Mama."

Mama alimsogelea. Alimnyooshea jani. "Elisante, umekula kwangu. Nipe mwanangu."

Alilipokea kwa mikono miwili, kama tulivyolelewa. "Nimepokea, Mama. Ashuke tu."

Askari walipiga picha kwa simu zao, na picha ile ikafika msituni kabla sisi hatujafika nyumbani. Wenzake Anaeli waliotoka Sakina, mjini upande wa Jamhuri, kuja kutusaidia walimsihi asiiamini. Mmoja wao alinisimulia baadaye kwamba Anaeli aliwacheka, akawaambia hawakulelewa mlimani ndiyo maana wanaogopa jani. Kisha akaweka bunduki chini.

Alishuka mchana. Mama alikuwa amepika loshoro.

Askari walimsimamisha kwenye mfereji mkavu, mahali tulipoweza kumwona kutoka uani.

Aliita, "Mama."

Ulisikika mlio mmoja.

Mama alikwenda kwa Elisante na kumuuliza jani liko wapi. Alijibu bila hasira, akifunga vifungo vya koti lake.

"Jani nililipokea mimi, Mama. Mtemi hakulipokea."

Utemi ulikuja kuanguka, nasi tusijipe sifa isiyo yetu: watawala wake walichoka kutulipia risasi, wakarudi kwenye pwani yao, ambako nasikia wanaishi vizuri. Mapatano ya amani yaliwasamehe wote walioshika silaha. Mimi ninaishi mjini, Njiro, na ninafundisha historia. Elisante anauza vipuri vya magari Sakina, na Jumapili hushiriki meza ya Bwana.

Mwaka jana alipanda Nkoaranga akiwa na jani la isale. Majirani walisimama nje ya ua kutazama. Mama, ambaye alikuwa amekwisha kupofuka, alilipapasa kutoka ncha hadi shina bila kulishika mkononi.

"Limekatwa leo," alisema. "Liweke chini, mbuzi watalila."

Elisante aliinama, akaliweka, akaondoka bila kuaga.

Nimeulizwa mara nyingi kama Mama alitenda dhambi kulikataa jani lile. Imani yangu inaniamuru kusema ndiyo, nami nasema ndiyo. Lakini anayeuliza na autazame mlima ulivyo sasa. Majirani wanaogombania mpaka hupelekana mahakamani, hutoka huko wakichukiana, na watoto wao huirithi chuki hiyo, kwa kuwa anayetaka kuomba radhi hana tena kitu cha kubeba. Elisante alimuua kaka yangu kwa risasi. Hicho kingine alikiua kwa mikono yake miwili, kwa adabu, mbele ya kamera.

Mama alifariki kabla ya mvua za masika. Tuliporudi kutoka kumzika, jani lilikuwa bado uani, limekauka. Mbuzi hawakuligusa. Nililifagia mimi.