Huyo ni Nunu

Shangazi yangu, Bi Mize binti Silima, alikuwa na ujuzi mmoja usiomlisha wala kumvisha, lakini uliompa jina mtaa mzima wa Sokomuhogo. Akikaa dirishani ghorofani na kofia anayoishona, alimjua kila mwanamke aliyepita chini, hata awe amejifunika buibui gubigubi asionekane ncha ya pua. "Huyo Shariffa, anakwenda kwa mamake, kesha gombana na mumewe." "Yule Mashavu, na viatu si vyake." Hakuwa akikisia. Alitamka kama mtu anayekwambia leo Jumatatu.

"Unajuaje, shangazi?" nilimuuliza nilipohamia kwake baada ya kuachwa.

"Moyo unanambia kabla jicho halijamaliza kutazama."

Nami nilimwamini. Mtu akisema jambo bila kusita, nani atakaa kumdai ushahidi? Kila alipopatia tulipiga makofi na kucheka, na habari ikatembea mpaka mtaa wa Malindi.

Mwaka 1954, siku ya Ijumaa, tulikuwa tukichambua mchele wa arusi kwa jirani. Mtu akauliza mbona Nunu, mke wa Hashil karani wa forodhani, hakuja. Akajibiwa kuwa ana homa tangu jana.

"Homa gani?" akasema shangazi, wala hakuinua uso kwenye ungo. "Jana alasiri nlimuona akitoka mlangoni kwa Msabah."

Msabah ni fundi wa gramafoni, kapera, anakaa peke yake mkabala na dirisha letu. Mikono yote ikasimama kwenye mchele. Nilimfinya shangazi paja, lakini ulimi hauna mfupa, ulikuwa umeshateleza.

Hashil aliipata habari kabla ya magharibi. Na Hashil alikuwa ameshampa Nunu talaka mbili na kumrejea mara mbili. Ya tatu haina rejea, na kila aliyekuwepo pale alilijua hilo.

Kesho yake asubuhi Nunu akaja kwetu, macho yamevimba.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, Alhamisi nlikuwa kitandani. Nyumba tupu, sina shahidi ila Mungu. Hashil kasema atakuja kwako keshokutwa, ukimthibitishia basi ananiandikia. Wallahi sikutoka."

Namkumbuka shangazi alivyomtazama, kwa huruma kabisa, kama anavyotazamwa mgonjwa. "Mwanangu, mimi sikutakii baya. Lakini mwendo wako naujua. Unatupa mguu wa kushoto nje kidogo, hivi. Nikuongopee?"

Nunu alijifunika, akashuka. Nilimchukia shangazi saa ile, na nikajichukia mimi kwa kuwa bado nilimwamini.

Haikupita robo saa, shangazi akanyoosha shingo dirishani. "Huyo Nunu karudi. Kasahau nini? Kamfungulie."

Nilishuka mbio. Mwanamke akapita mlango wetu bila kusimama, nikamwita, akageuka na kujifunua. Alikuwa Mwatum, muuza maandazi, bibi wa miaka sitini.

Nilipopanda kumwambia, shangazi akacheka kidogo. Jua lilimpiga machoni, akasema. Akaendelea kushona. Kisha akaiweka sindano. "Ah, sasa huyu ndiye. Huyu ndiye, Khamisa!" Nikashuka tena. Alikuwa mgeni wa Jambiani anayetafuta nyumba ya nduguye. Mara ya tatu sikungoja kutumwa, na mara ya tatu hakuwa Nunu.

Nikabaki uchochoroni nimeshika kiuno. Ndipo nilipoliona lile jiwe. Mafundi wa mabomba walikuwa wamechimba mbele ya mlango wa Msabah wiki mbili nyuma, wakarudisha mawe ya njia shaghalabaghala, na moja limeinuka upande wa ukutani. Kila anayepita pale hulikwepa. Nikapita mwenyewe. Mguu wangu wa kushoto ukajitupa nje kidogo, hivi.

"Huyo Nunu!" sauti ya shangazi ikashuka kutoka juu.

"Ni mimi, shangazi!" nikapiga ukelele. "Mimi Khamisa!"

Kuanzia hapo nyumba yetu haikuwa na utulivu. Bi Mize alikaa, akainuka, akafunga dirisha, akalifungua. Kofia ya watu aliyoahidi aliifumua mara mbili kwa kukosea vitobo. Wali ukaungua yeye akiwa jikoni, mwiko mkononi. Jioni akanijia na swali.

"Nambie kweli. Hao wote nliowataja miaka hii, wangapi ulishuka ukawatazama?"

"Wachache, shangazi. Wale waliokuja kupiga hodi."

"Na nlipokosa, nani alinambia?"

"Hakuna. Walikwenda zao."

Akakaa chini kwenye mkeka. "Yule Mwatum, moyo ulinambia Nunu. Ulinambia vilevile, Khamisa. Wala haukusita. Basi na ile Alhamisi…" Nikaogopa, maana sijapata kumwona shangazi hajui jambo.

Hashil alikuja Jumatatu alasiri, kofia imenyooka, karatasi ya talaka mfukoni. Nilikuwa nyuma ya pazia. Shangazi akamwambia neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Sijui. Nliona mwanamke kavaa buibui. Nani, sijui."

"Bibi, unamwonea huruma," akasema Hashil. "Wewe hujapata kukosea. Na mimi mwenyewe moyo wangu unanambia ni yeye."

Shangazi akafumba macho. Alikuwa amerudishiwa maneno yake mwenyewe. Kisha akasema, "Vyema. Mkeo nshamwita. Watapita wanawake watatu hapa chini. Umeoa miaka sita, nionyeshe yupi wako."

"Nitamjua hata usiku wa giza."

Hayo tulikuwa tumeyapanga tangu asubuhi. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikawakuta Nunu na Mwatum wananingoja penye kona. Nunu alitangulia, nimemwonya apite mbali na lile jiwe. Mimi nikafuata, Mwatum nyuma yangu. Niseme tu kwamba mimi ni mnene kuliko Nunu, na ni mrefu zaidi. Nikafika penye jiwe, mguu ukajitupa.

"Huyo!" Sauti ya Hashil ilitoka dirishani, watu wa barazani wakageuka. "Huyo ndiye Nunu, naapa!"

Nikainua uso nikajifunua. "Shikamoo, shemeji," nikasema. Nilikuwa na hasira, na kusema kweli nilifurahi.

Nunu alikuwa ameshapita bila kutambuliwa na mumewe, amekaa ngazini kwetu, analia.

Hashil alishuka polepole. Hakumwomba mkewe radhi, wanaume wale hawakufunzwa. Aliitoa ile karatasi, akaichana vipande vipande mbele yetu, akasema, "Twende nyumbani." Nunu alimtazama kwa muda mrefu kabla hajainuka.

Jiwe lilikuja kutengenezwa. Shangazi alihamisha mto wake, akawa anashona ameupa mgongo mtaa. Watoto wakimtania, "Bi Mize, nani anapita?" hujibu, "Mwanamke. Kamuulize mwenyewe." Nikadhani yamekwisha.

Miaka minne baadaye, Nunu alituletea sinia la vitumbua, wakacheka na shangazi mpaka machozi. Alipoondoka, shangazi hakukigusa hata kimoja.

"Nshamuomba radhi mara tatu," akaniambia. "Jiwe nimeliona, Mwatum nimemwona, wewe nimekuona. Najua nlikosea. Lakini Khamisa, nkifumba macho namuona anatoka mlango ule, na moyo bado unanambia huyo ni Nunu."