Yuree ulimini

Cikuru anauza mbolea katika mtaa wa Murara, na yuree, ile mbolea nyeupe ya chembechembe, ndiyo inayomlisha. Anaijua kwa kuishika tu: ikiwa kavu huteleza vidoleni, ikipata unyevu hugandamana. Kuhusu ADN, vinasaba vya mtu, alijua jambo moja, lile ambalo Goma nzima inalijua, kwamba ni kipimo cha kuonyesha mtoto ni wa nani.

Ndiyo maana chakula kilimkwama binti yake Aurélie alipoweka kichupa mezani, nyumbani kwao Keshero. Aurélie anasoma biolojia chuo kikuu, na profesa alitaka kila mwanafunzi alete mate ya baba yake, alinganishe ADN iliyomo na ya kwake. Cikuru alijua fika kwamba hakumzaa yeye. Alimwoa marehemu Sidonie, mama yake Aurélie, akiwa tayari mjamzito, akampa mtoto jina lake, akanyamaza.

Kisha Aurélie akatania kwamba ile mbolea ya papa yake inafungua ADN. Basi mzee wa watu akachanganyikiwa kabisa. Inafungua nini? Inafuta? Na yeye aliyevuta vumbi lake miaka yote hii, je, amebakiwa na ADN yoyote? Mimi simcheki. Aliogopa kumpoteza yule mtoto, na hofu hiyo ilimpotezea akili.

Asubuhi, dukani, akalamba yuree. Ikampoza ulimi kama barafu, kisha ikaja chungu. Akasukutua, akatema, akalamba tena, asijue anachotaka kufuta ni mate au ni yale yaliyopita.

Aurélie akamkuta hapo anatema. Cikuru akamuuliza kama yuree inaharibu ADN. Binti akamweleza polepole: ni nyuzi mbili zilizosokotana, zinashikana kwa herufi zinazotazamana. Yuree hujipenyeza katikati, ikazishika herufi yenyewe, na nyuzi zikaachana.

"Na herufi zinapotea?"

"Hapana, papa. Zinabakia zote. Tena zinasomeka muzuri zaidi."

Cikuru akaketi juu ya gunia. Hakuelewa ni dawa gani hii inayotenganisha bila kufuta. Akaanza kusema kwamba kuna jambo fulani, la zamani, kabla binti hajazaliwa, maneno yakamgongana mdomoni.

"Mama aliniambiaka yote mbele ya kufa," Aurélie akamkatiza. "Profu alisema tulete mate ya papa. Ningeenda kuomba kwa nani mwengine?"

Cikuru akauliza kama profesa hatashangaa majibu yakitoka. Aurélie akasema acha ashangae tu. Cikuru akakipokea kichupa kutoka mkononi mwake, akainama kutema, lakini asubuhi yote alikuwa ametema, na sasa mate hayakutoka.