Marehemu Hakuwa Mcheshi

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Nilicho nacho nimekipata kwa mikono hii. Nilianza kwa kufyatua matofali kule tambarare ya Same, upepo ukinilisha vumbi asubuhi na jioni, na leo nina duka la vifaa vya ujenzi lenye baraza pana. Nasema haya mapema ili msomaji asije akadhani anasoma maneno ya mtu laini.

Pamoja na darasa langu hilo la tatu, kwa miaka mingi nilikuwa msemaji wa misiba. Kwetu Upareni mtu hazikwi hivi hivi tu. Ni lazima historia yake isomwe mbele ya watu: alizaliwa wapi, alioa wapi, aliugua nini, na alikuwa mtu wa namna gani. Hapo kwenye namna gani ndipo penye kazi. Kila marehemu wa milima hii alikuwa mcheshi, mpenda watu, mcha Mungu, na ameacha pengo lisilozibika. Nimewahi kumsemea mlevi aliyemng'ata mjumbe sikio, na yeye pia alikuwa mpenda watu. Ukizihudhuria shughuli zetu kwa makini utajiuliza, hawa watu wabaya wanaotusumbua kila siku huwa wanazikwa wapi?

Nilisifiwa sana. "Mzee ana kipaji," walisema, na mimi nilikubali kwa kichwa, maana mtu akikupa kiti huulizi nani amekichonga. Aliyekichonga alikuwa binti yangu, fundi cherehani anayeshona pale pale barazani kwangu. Yeye aliandika, akanisomea mara mbili, nikakariri. Kichwa changu hakina shida, shida ni macho na herufi. Kisha nilitoa yale nisiyoyapenda.

Binti huyu tatizo lake lilikuwa machozi. Akiona punda anapigwa, analia. Akimpima bibi harusi ambaye mama yake ameshafariki, utepe wa kupimia unalowa. Nilikuwa namwita bomba la kijiji, mpaka siku moja akanijibu, "Baba, bomba la kijiji halina maji tangu Pasaka." Na ni kweli, halina.

Na katika maandishi yake alileta vitu vidogo vidogo. Alipofariki mama mmoja muuza tangawizi, binti aliandika kwamba siku za baridi mama yule aliwafunika kuku wake kwa khanga yake mwenyewe. Nikamwambia, "Kuku wanaingiaje kwenye historia ya mtu? Toa kuku, weka mcheshi." Akatoa. Nimetoa kuku miaka kumi. Mwisho binti akawa ananiambia kabla sijasikia neno lolote, "Najua haya hayafai, baba, lakini sikiliza tu." Mimi nilidhani ni adabu.

Nilitafuta dawa. Alikuja mtaalamu kutoka mji mkubwa, mwenye suti na kipaza sauti, akafundisha kujiamini kwenye ukumbi pale Same. Nikampeleka. Waliambiwa kila asubuhi wasimame mbele ya kioo wapige kelele, "Mimi ni simba!" Baada ya wiki nikamuuliza simba anaendeleaje. Akasema, "Nilijaribu, baba. Kioo kikanionea huruma."

Basi, kaka yangu mkubwa akafariki kule Chome.

Nieleze habari za kaka yangu. Maisha yake yote alisimamia zamu za maji kwenye ndiva, yaani bwawa letu la kienyeji ambalo maji ya mfereji hukusanyika, kisha kila mwenye shamba anafunguliwa kwa zamu yake. Kaka alikuwa mkali kuliko pilipili. Ukichelewa kidogo tu umekosa, subiri wiki ijayo. Alitukana kwa Chasu, lugha yetu Wapare, kwa sababu alisema Kiswahili hakina nguvu ya kutosha. Na mtu aliyegombana naye kuliko wote alikuwa jirani yake wa shamba la chini, mzee wa maharage. Hawakusalimiana miaka ishirini, na wote wawili walikaa kanisani benchi moja.

Tulipanda Chome, mimi na binti. Siku mbili alikaa jikoni na mjane, akimenya ndizi na kusikiliza. Asubuhi ya maziko akaniita nyuma ya migomba, karatasi mkononi, macho mekundu.

"Najua hayafai, baba."

"Soma."

Akasoma, "Baba mkubwa hakuwa mcheshi."

"Umesema nini?"

"Hakuwa mcheshi. Wewe ulimwona akicheka lini?"

"Siku ya harusi yake."

"Mama mkubwa anasema siku hiyo alikuwa anaumwa jino."

Nikamwambia mtu hawezi kwenda mbele ya mchungaji na kwaya mbili akasema marehemu hakuwa mcheshi. Ni matusi. Ni aibu ya ukoo. Toa. Hakubisha. Alikunja ile karatasi mara nne, ikawa ndogo kama kibiriti.

"Ni kaka yako, baba, sema utakavyo," akasema. "Ila mimi siandiki tena. Nimeona vitu miaka yote hii, na kila mara naambiwa sikuona. Labda kweli sioni. Nitashona sare za shule, zile zina vipimo."

"Msibani hakususwi," nikamwambia, nikaenda zangu.

Ukungu wa mlima Shengena ulikuwa umeshuka mpaka kwenye turubai. Mchungaji alishatangaza kwamba familia ina dakika kumi, kwa kuwa mvua ikinyesha magari ya wageni hayatashuka. Nikasimama. Karatasi sina, sijawahi kuihitaji. Nikavuta pumzi.

"Ndugu waombolezaji, marehemu kaka yangu alikuwa mcheshi..."

"Nani?" ikatoka sauti kwenye mkeka wa wanawake. "Huyu wangu?"

Alikuwa mjane. Halafu mtu mmoja wa kwaya akacheka ndani ya kitabu cha nyimbo, na kicheko msibani ni kama moto wa nyasi kavu. Nikakaza sauti.

"Alikuwa mpenda watu..."

Mzee wa maharage akakohoa kikohozi kirefu ambacho hakikuwa cha ugonjwa.

"Shemeji, pumzika," mjane akasema, kwa upole kabisa. "Unamzika mtu mwingine. Mwite binti aje na karatasi yake. Jikoni alinisomea, nikamwona mume wangu."

Ningeweza kuendelea. Mimi si mtu wa kukatishwa na shemeji. Nikamtafuta binti kwa macho, nikamwona kwenye ukuta wa jiko, anatikisa kichwa, hapana, hapana, na machozi yameshamfika kidevuni. Nikatazama jeneza. Kaka huyu ndiye aliyenishusha Same kwa miguu nikiwa kijana, akanifundisha kufyatua tofali, halafu akarudi mlimani bila kuaga. Siku ile nililia kwenye tanuri mpaka nikakosa pumzi, na waliponiuliza nikasema ni moshi. Moshi wa tanuri ni rafiki mkubwa wa mwanamume. Sasa hapa Chome hapakuwa na moshi, kulikuwa na ukungu tu, na neno linalofuata halikutoka. Mtoto yule hakuokota machozi njiani. Alirithi. Tofauti ni kwamba yeye aliona kitu kwa hayo macho yaliyolowa, na mimi nikakaa miaka kumi nikifuta alichokiona.

"Mwanangu, njoo," nikasema.

Akaja nusu ya njia. "Nitalia, baba."

"Lia. Ila soma kwa sauti."

Akaikunjua ile karatasi. Nikaishika upande mmoja mimi mwenyewe. Sentensi ya kwanza aliisoma vizuri, na watu wakaguna, "Eeh, kweli." Ya pili ikamshinda. Alilia wazi, mbele ya wote, bila kujifunika. Mchungaji akatazama saa. Mimi nikaanza kutafuta pa kujificha. Ndipo yule mzee wa maharage, adui yetu wa miaka ishirini, akasema kutoka kwenye benchi lake, "Soma, mama. Tupo."

Akasoma. Akasoma na kulia kwa wakati mmoja, kama mtu anayetembea huku mvua inanyesha. Alisema baba mkubwa alijua sauti ya maji, kwamba akiwa kitandani aliweza kusikia mfereji umetoboka upande gani. Alisema hakuwahi kumwambia mkewe asante, lakini kila jioni alimgeuzia viatu vyake vikaangalia mlangoni, asije akainama. Kisha akasema hivi: mwaka ule wa ukame, baada ya kumnyima jirani wa chini zamu yake mbele ya watu, baba mkubwa aliamka alfajiri, akafungua maji ya zamu yake mwenyewe yakashuka kwenye maharage ya jirani, akarudi kulala. Alifanya hivyo mpaka mvua zilipokuja. Mkewe alikatazwa kusema. Baba mkubwa alimwambia, "Ukimwambia, nitakosa mtu wa kugombana naye."

Hakuna aliyecheka. Mzee wa maharage alisimama taratibu, akavua kofia.

"Nilidhani ni Mungu," akasema.

Akatoka kwenye benchi, akasogea mbele, akaomba awe kati ya wabebaji. Mchungaji aliiweka saa mfukoni. Tulizika na mvua, na magari hayakushuka, wageni wakala makande na kulala Chome, na sikusikia aliyelalamika.

Tulirudi Same. Binti aliketi kwenye cherehani yake na sare za shule. Sikumuuliza kama ataandika tena. Mimi si mtu wa kuomba radhi, naogopa nikianza nitakosa pa kuishia.

Wiki ya pili wakaja wazee watatu kutoka Suji, wamefiwa na mama yao. Niliwaona wakivuka barabara, nikaingia ndani haraka nikavaa koti langu la misibani. Nilipotoka walinipa shikamoo nzuri, nikaitikia marahaba nzito, nikakohoa tayari kuombwa. Wakanipita. Wakaenda kwenye cherehani.

"Wewe ndiye yule binti anayelia?" mkubwa wao akauliza.

Akainama. "Ndiyo. Samahani, mzee, nikisoma nashindwa kujizuia."

"Ndiyo maana tumekuja."

Mguu wake ulikuwa bado kwenye pedali. Halafu akainua uso, akawatazama wao, akanitazama na mimi.

"Nitaandika," akasema. "Ila nitasoma mwenyewe, na mtu asitoe hata neno moja."

Wazee wakageuka kunitazama, kwa kuwa mimi ndiye baba mwenye nyumba na neno la mwisho ni langu.

"Mmemsikia," nikasema. Nikavua koti, nikaingia jikoni kuwabandikia chai.