Mayo Chini ya Kanzu

Habari hii sijawahi kuisimulia mpaka mwisho, kila nikifika pale niliposhika pindo la kanzu yangu najifanya nimekumbuka jambo jingine, maana hata leo nikifikiria nilivyokuwa nimevaa siku ile mbele ya watu waliofiwa masikio yananiwaka moto. Leo nitajikaza. Mkitaka kucheka chekeni, ila tukifika kwa Bi Eshati naomba mnyamaze kidogo.

Nilikuwa nimerudi Moroni na shahada yangu ya Dar es Salaam, sina kazi, nina baiskeli nyembamba ya mashindano na tabia mbaya ya kufikiria jambo dogo mpaka linaota mikono na miguu. Tulikaa Mvuni, kijiji kilicho juu ya Moroni kwenye mteremko wa mlima, katika nyumba ya mama, kama desturi yetu ilivyo kwamba mume huhamia kwa mkewe. Baba ni wa Mutsamudu, yaani ni Mndzuani, mtu wa kisiwa kingine cha Ndzuani, na kwa miaka yote hakuna aliyejali. Kisha Ndzuani ikatangaza kujitenga, watu wa kule wakapandisha bendera ya Ufaransa juu ya mapaa yao wakisema heri Mfaransa arudi kuliko kutawaliwa kutoka Moroni, na sisi Wangazidja huku Moroni tukawa hatuwezi kuona buluu, nyeupe na nyekundu pamoja bila damu kuchemka. (Nasema "sisi". Baba alikuwa akilisikia neno hilo kinywani mwangu, anaangalia pembeni.)

Wakati huo nilikuwa nimemposa Zaitun wa Ikoni, huko pwani kupita Moroni, na jibu lilikuwa halijatoka. Mwenye kauli alikuwa Mjomba Mmadi, kaka wa mama yake. Na Zaitun alikuwa na kaka yake, Bakari, askari, kijana mcheshi aliyekuwa akiniita "Profesa" kila nikipita kwao. Bakari alipelekwa Ndzuani pamoja na wenzake kuirudisha kwa nguvu, na hakurudi. Wakangoja, wakangoja, mwishowe wakaambiwa wasingoje tena, na mwili haukuja. Ikapangwa hitima nyumbani kwa mama yake, Bi Eshati, na Mjomba Mmadi akanitumia salamu: "Mwambieni Anli aje. Tumtazame akiwa katikati ya watu."

Nikaelewa kwamba jibu langu litatoka siku hiyo. Baba Mndzuani, msiba uliotoka Ndzuani, na mimi katikati.

Sasa mtu mwingine angepanda teksi. Mimi teksi nilizikwepa tangu siku baba alipoomba kushushwa sokoni, dereva akayasikia matamshi yake, akauliza, "Kumbe mzee wewe wa kule?" na gari zima likageuka kumtazama. Nikaamua kwenda kwa baiskeli, na hapo likaja swali la nguo, nikalifikiria usiku kucha. Asubuhi Mvuni kuna baridi na umande, halafu unateremka kwa kasi upepo unakupiga kifuani, halafu unafika Moroni joto limekungoja, na ile barabara ya Ikoni inapita kwenye mawe meusi ya volkano yanayotoa joto kama jiko. Nikivaa kanzu kutoka nyumbani itaingia kwenye mnyororo. Nikivaa singlendi ya pamba itakunywa jasho nikiwa kwenye joto, au itapigwa na upepo mlimani, nitashikwa na kikohozi, nitakohoa katikati ya Yasini, Mjomba Mmadi ataniona nina kifua kibovu, nani atamwoza binti yake mtu wa kifua kibovu?

Nilikuwa na mayo, ndivyo tunavyoiita fulana ya waendesha baiskeli. Binamu yangu Abdu wa Mutsamudu alinipa kabla ya fujo, ililetwa na jamaa wa Marseille. Nilipomtembelea tulipanda kwa baiskeli, nimeivaa, kutoka bandarini mpaka Koni juu mlimani: chini jasho lilikuwa likiniingia machoni, juu ukungu ulikuwa ukituganda kwenye nyusi, na mgongo wangu ukabaki mkavu safari nzima. Abdu ndiye aliyenifundisha kwamba nguo inayogusa mwili isilinywe jasho bali ilitoe nje, inayofuata ihifadhi joto, ya juu kabisa ikinge upepo, na ukipata joto unavua kutoka juu. Nililipenda somo lile kuliko masomo mengi ya chuo.

Mayo yenyewe ilikuwa ya buluu kifuani, nyeupe katikati, nyekundu tumboni. Msidhani sikuziwaza rangi. Niliziwaza, kwa muda wa kufunga kamba za viatu. Itakuwa chini ya sweta, nikasema, kisha chini ya kanzu, nani atakuja kunifunua kifua?

Baba alinikuta mlangoni.

"Vaa singlendi, mwanangu."

"Itashika jasho, baba."

"Ishike. Unakwenda kwa watu."

"Baba, hili ni suala la kitambaa."

Akaitazama ile kola ya buluu iliyochungulia juu ya sweta, akanyoosha kidole, akaisukuma ndani taratibu kama alivyokuwa akinitengeneza nikienda chuoni kwa mwalimu wa Kurani.

Nikateremka, na kwa kweli nguo zilinifaa sana, upepo haukunipata. Ikoni nikajibanza nyuma ya ukuta, nikavua sweta, nikavaa kanzu juu ya mayo na juu ya kaptura ya baiskeli, ile inayobana mapaja na yenye sifongo makalioni. Mkobani nilikuwa na saruni. Nikasimama nayo mkononi nikiwaza: je, ikilegea mbele ya wazee? Kaptura haianguki. Nikairudisha saruni mkobani. (Kaptura haikuanguka, hilo nililipatia.)

Nyumba ilijaa, wanaume wamebanana kwenye mikeka, wanawake chumba cha pili nyuma ya pazia, dirisha limezibwa na migongo ya waliokosa nafasi. Nikawaamkia wazee, "Kwezi," wakanijibu vizuri. Tukasoma. Tulipomaliza, Mjomba Mmadi akaniita kwa jina mbele ya wote, akanipa mrashi.

Mnaujua mrashi, ile chupa yenye shingo ndefu ya kunyunyizia watu marashi. Hapewi mgeni. Anaushika kijana wa nyumbani, na kama Bakari angekuwa hai angeushika yeye. Nyuma ya pazia nikasikia mwanamke akinong'ona, "Zaitun, kapewa mrashi!" nikajikaza nisitabasamu.

Nikaanza kuzunguka, mtu kwa mtu, wananikingia viganja, nanyunyiza, nainama, nainuka, joto la chumba linanishuka kichwani. Na mayo ikaanza kazi yake. Ilitoa jasho mwilini ikalipeleka nje, kama Abdu alivyonifundisha, na nje kulikuwa na kanzu, kanzu nyeupe ya kitambaa chepesi. Mgongo wangu mkavu kabisa. Nikajisifu moyoni.

Nilipofika safu ya mwisho, mzee mmoja hakukinga viganja. Alikuwa akinitazama tumboni.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "mbona unatoka damu?"

"Sijaumia, mzee."

"Tumbo lote jekundu."

Jirani yake akainua macho. "Na hiyo buluu hapo juu nayo damu?"

Mtu mmoja akacheka, akajikatiza. Nikajitazama. Kanzu ilikuwa imelowa, imenigandama, na rangi zote zimejitokeza, buluu kifuani, nyeupe katikati, nyekundu chini, utadhani nimechorwa.

"Hiyo ni bendera yao," sauti ikasema kutoka dirishani. "Mtoto wa Mndzuani kaja na bendera yao kwenye hitima."

Hapo mtu mwenye akili angetoka. Mimi nikafikiri. Nikafikiri kwa kasi kwamba tatizo hawajaona nguo yote. Wakiiona ina zipu na mifuko watajua ni ya baiskeli, na wakijua ni ya baiskeli watajua si ya siasa. Nikauweka mrashi chini, nikashika pindo la kanzu, nikaivua.

"Ni mayo!" nikasema. "Ni ya baiskeli tu! Tazameni, ina mifuko nyuma!"

Nikageuka kuwaonyesha mifuko. Kwa hiyo mtu aliyekuwa hajaona bendera aliiona, na mtu aliyekuwa hajaona kaptura alinyooshewa sifongo la makalio, na katika mfuko wa katikati kulikuwa na ndizi niliyoisahau, imepondeka, inachuruzika. Wazee wengine waliinamisha nyuso, si kwa hasira, walinionea aibu.

Pazia likasogea. Bi Eshati alitoka, jambo ambalo mfiwa halifanyi, akaja mpaka mbele yangu katikati ya wanaume, akanitazama kifuani, hakunitazama uso.

"Ndiyo hii?" akauliza. Hakuwa akiniuliza mimi, alikuwa akimwuliza kaka yake. "Mmadi, ndiyo hii aliyoiona mwanangu mara ya mwisho?"



Mjomba Mmadi akainama mwenyewe, akauokota mrashi pale chini, akaufuta kwa kiganja, akampa kijana mwingine.

"Vaa nguo zako," akaniambia. "Uende salama."

Hakuna aliyenigusa wala kunitukana. Nilivaa sweta lile nene katika lile joto, nikaikimbilia baiskeli. Zaitun alipitia uani akanikuta ukutani, macho yamevimba.

"Zaitun, ni kwa ajili ya jasho tu," nikamwambia. "Sikutaka kuingia kwenu nimelowa."

"Ungekuja na jasho lako, Anli," akasema. "Nani angekufukuza kwa jasho?"

Akarudi ndani. Sikupata kusema naye tena.

Kesho yake baba alivaa kanzu, joho na kofia yake nzuri, akapanda teksi, yeye ambaye teksi zilishamchosha, akaenda Ikoni kuniombea radhi kwa matamshi yake yale yale. Aliporudi nikamwuliza wamesemaje. "Wamenisikiliza," akajibu, akaenda kulala mchana. Jibu la posa halikutoka, na kwetu jibu lisipotoka ndilo limetoka.

Baadaye Moroni ikazidi kuwa nzito kwa Wandzuani, baba akaamua kurudi Mutsamudu, mama akabaki na nyumba yake, na mimi nikamfuata baba kwa sababu sikuweza kupita Ikoni. Bandarini Abdu alitupokea, na kabla hata hatujashusha mizigo akawaita wapagazi: "Njooni mumwone! Huyu ndiye aliyewavulia kanzu Wangazidja akawaonyesha bendera kwao kwenyewe!" Wakanipiga mabegani, wakaniita mwanaume. Nikajaribu kueleza habari ya jasho, ya kitambaa, ya Bakari aliyeniita Profesa. Walicheka wakadhani naona haya kusifiwa. Baba alikuwa amekaa juu ya sanduku, anatazama meli.

Mayo iko ndani ya sanduku hilo, chini kabisa. Moroni nisingeweza kuivaa, na hapa siwezi kuifanya tambara la kufutia mnyororo, mtu atauliza kwa nini napaka grisi bendera yake.

Baiskeli bado naendesha. Alfajiri natoka Mirontsy, jirani na Mutsamudu, joto la pwani linanilowesha, napanda mpaka Koni kwenye ukungu, na singlendi yangu nyeupe ya pamba, iliyokunywa jasho lote, inaniganda mgongoni mpaka meno yanagongana. Abdu ananizomea: "Msomi mzima, vaa kitu cha pili!" Sivai. Nimeapa kuwa sitavaa tena nguo chini ya nguo, na kwamba nikialikwa nyumbani kwa watu nitaingia na jasho langu linachuruzika, wanikaribishe hivyo hivyo.

Sijaalikwa bado.